Aliyelala Katikati ya Blanketi
Mhadhara kuhusu walezi na watoto wanaowalea, uliotolewa mbele ya wazazi, walezi, walimu na vijana wa Kawetele, Tukuyu



Nimeombwa niseme neno la shukrani kwa watu wanaolea watoto wasio wa tumbo lao, na kwa watoto wenyewe. Nimekubali kwa moyo mmoja kwa sababu nina deni katika jambo hili, na deni lenyewe nitalieleza mwishoni. Kwanza naomba nianze na blanketi.

Nyumbani kwetu, hapa hapa Kawetele, tulikuwa watoto watatu na blanketi moja. Mnaijua baridi ya Tukuyu ya mwezi wa sita na wa saba, ukungu unaposhuka kutoka Mlima Rungwe na kukaa juu ya migomba mpaka jua liwe limepanda. Wa katikati ndiye aliyelala vizuri. Wa pembeni walivutana usiku kucha. Mimi nilikuwa kitinda mimba, na katikati palikuwa pangu.

Jioni moja mama alirudi na mtoto wa kiume wa umri wangu, ameshika fundo la nguo. Mama yake, aliyekuwa mchuma chai, alikuwa amefariki. Baba yake alikwenda kutafuta kazi na hakurudi. Ndugu walisubiriwa, hawakutokea. Usiku ule mama alimlaza katikati, mimi nikasogezwa pembeni. Nilipolalamika aliniinamia akasema, "Wewe una mimi. Yeye leo ana blanketi tu."

Wiki ya pili mama alikuta ndizi za kuchemsha chini ya mkeka, zimeanza kuchacha. Yule mtoto alikuwa akila nusu na kuficha nusu. Kaka yangu alitaka achapwe, akisema ni wizi. Mama hakumgusa. Alitafuta kikapu kidogo chenye kifuniko, akatia ndizi mbili, akakitundika karibu na pale mtoto alipolala. Akamwambia, "Hiki ni chako. Ukiamka usiku una njaa, usiniombe ruhusa." Kila jioni alikijaza. Mwanzoni kila asubuhi kikapu kilikuwa kitupu. Baada ya miezi kadhaa ndizi zikaanza kulala mle ndani mpaka kukakucha. Ndipo siku moja mama akakishusha, akakifanya cha kuwekea mayai, na hakuna aliyeuliza kikapu kimekwenda wapi.

Kisa hiki nakisimulia kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye familia yake. Mama yangu hakuwa na cheti cha ualimu wala cha ustawi wa jamii, lakini alilijua jambo ambalo mimi nimelifahamu baada ya miaka mingi darasani: mtoto aliyepoteza watu wake haamini kesho. Ukimwambia "utakula kesho" hakusikii, maana alishaambiwa hivyo na watu ambao hawapo tena. Imani yake itarudi polepole, kwa ndizi mbili mbili.

Neno kambo

Katika sheria na katika ofisi zetu, kumlea mtoto wa watu wengine chini ya usimamizi wa serikali kunaitwa malezi ya kambo. Nalitaja neno hili mapema kwa sababu najua linavyowachoma wengi. Sote tumekua na hadithi za mama wa kambo: anayempa mtoto ukoko, anayemtuma kisimani usiku, anayempikia wake nyama na wa mwenzake mboga. Mtu akionewa kazini husema, "Nafanywa kama mtoto wa kambo." Lugha imelibebesha neno hilo mzigo mzito, kisha sisi tunamwendea mama mwema aliyefungua mlango wake na kumwita kwa jina hilo hilo.

Silaumu waliotunga istilahi. Nasema tu kwamba mlezi anapoingia kwenye kazi hii anaingia akiwa ameshatiliwa shaka. Akimkemea mtoto, majirani watasema si wake. Akimwachia, watasema hajali kwa kuwa si wake. Mzazi wa kuzaa akimchapa mwanawe hakuna anayesogeza pazia. Mlezi anaishi pazia likiwa limesogezwa kila siku. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Hawakusema ni mwana wa nani.

Tulikotoka

Kumlisha mtoto wa mwenzako si jambo lililoletwa na mradi katika wilaya yetu ya Rungwe. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti hapa kwetu Unyakyusa miaka ya 1930, na kitabu cha Monica kilichotoka mwaka 1951 kimeeleza vijiji vya marika. Mvulana alipofika umri wa miaka kama 10 aliondoka kulala kwa wazazi, akaenda kujenga vibanda na wenzake wa rika moja. Lakini tumbo halina rika. Wavulana wale waliendelea kula kwa mama zao, na walikula kwa kundi: leo wote kwa mama wa huyu, kesho wote kwa mama wa yule. Mama alipika akijua kwamba mikono itakayoingia kwenye chakula chake ni mingi kuliko aliyoizaa. Wazee waliita starehe ya kukaa pamoja na kula pamoja ukwangala, na mtu aliyekula peke yake alitazamwa kwa wasiwasi.

Kisha ikaja safari ya kutafuta fedha. Wanaume wa wilaya hii walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, wakaenda migodi ya Zambia na ya Afrika Kusini. Wengine walirudi na masanduku, wengine hawakurudi. Watoto wao walibaki kwa nani? Walibaki kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mkubwa na kwa mjomba. Tunazo hesabu za dhahabu iliyochimbwa. Hesabu ya sahani zilizoongezwa jikoni kwa sababu ya dhahabu ile hakuna aliyeiweka.

Halafu likaja gonjwa. UKIMWI uligunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1983 mkoani Kagera, na Mbeya ukawa miongoni mwa mikoa iliyoumizwa sana. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na zimeokoa wazazi wengi ambao leo wanalea watoto wao wenyewe. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na miaka ambayo bibi mmoja alizika watoto wake wawili au watatu na kubaki na wajukuu sita. Baadhi ya bibi hao mliwajua. Walipaswa kuwa wanaota jua kibarazani, nao walikuwa wanapalilia viazi na kupanga foleni za kliniki na vichanga mgongoni. Kama kuna jeshi lililolinda wilaya hii bila bunduki wala mshahara, ni lile la bibi zetu.

Sahani moja

Mwaka 1962 mwanaume mmoja mrefu kutoka Afrika Kusini, akisafiri kwa siri, alitua kwa ndege ndogo Mbeya. Alikuwa Nelson Mandela, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga Tanganyika iliyokuwa imepata uhuru wiki chache tu kabla. Leo namtaja kwa jambo jingine: Mandela alilelewa na asiye baba yake. Baba yake alipofariki, yeye akiwa bado mtoto, alichukuliwa na Jongintaba Dalindyebo, aliyekuwa akishikilia utawala wa Wathembu. Katika kumbukumbu zake Mandela anaeleza jinsi alivyokua pamoja na Justice, mtoto wa Jongintaba, kwa chakula kile kile, nguo za namna moja na kazi za nyumbani zile zile.

Natamani kila mlezi alishike hilo: chakula, nguo na kazi. Watoto hawapimi upendo kwa maneno. Wanatazama kipande cha nyama, wanatazama nani amenunuliwa viatu vipya na nani amepewa vilivyobana, na wanahesabu nani huamshwa kwanza kuteka maji. Mandela hakulelewa kwa sababu Jongintaba aliona mbele kwamba huyu atakuwa rais. Alilelewa kwa sababu alikuwa mtoto na baba yake amekufa. Musa alikulia katika nyumba isiyo ya wazazi wake. Mtume Muhammad, yatima, alilelewa na babu yake na kisha na ami yake Abu Talib. Dini zetu kubwa hapa Tukuyu zinajua kwamba riziki ya mtoto inaweza kupita mlango usio wa kwao.

Sheria inasema nini

Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inamtambua mtu anayekubali kumtunza mtoto asiyemzaa, na inamweka Afisa Ustawi wa Jamii kuwa msimamizi wa jambo hilo. Inamtaja pia mtu wa kuaminika: mtu mzima mwenye maadili na akili timamu, asiye ndugu wa mtoto, aliyethibitishwa na Afisa Ustawi wa Jamii kwamba anaweza kumpa mtoto nyumba yenye matunzo. Huyo ndiye anayegongewa mlango saa tano usiku na kuambiwa, "Mama, kuna mtoto hana pa kulala." Anafungua.

Malezi haya ni tofauti na kuasili. Anayeasili mtoto huwa mzazi wake kisheria kwa amri ya mahakama. Mlezi wa kambo anampenda mtoto huku akijua kwamba huenda mama yake akapona, baba akatoka kifungoni, shangazi akapatikana, na mtoto akarudi kwao. Naomba tuutafakari moyo wa namna hiyo. Unamfundisha mtoto kusoma, unamkesha akiwa na homa, unajua kwamba hapendi maziwa yenye utando, kisha siku moja unamfungia nguo zake vizuri, unamsindikiza mpaka stendi na kumwombea safari njema. Unarudi nyumbani na sahani moja haina mwenyewe. Hatuna matanga ya huzuni ile, na hakuna anayekuja kukaa nawe.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 20 kwamba mtoto aliyekosa familia yake anastahili ulinzi maalumu wa dola. Unataja malezi ya kambo, unataja kafala ya sheria ya Kiislamu, unataja kuasili, na mwishoni unataja makao ya watoto pale inapobidi. Mpangilio huo una maana: familia kwanza. Wapo watu wema wanaoendesha makao, na nawashukuru. Lakini tukisikia kuna mtoto hana mtu, swali letu la kwanza liwe ni nyumba gani ya jirani inaweza kusaidiwa imchukue. Kutafuta jengo la kumpeleka kuje baadaye.

Yanayouma

Nisiposema yanayouma nitakuwa nimewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wapo wanaochukua mtoto wa ndugu wakisema wanakwenda kumsomesha, kumbe wanatafuta mtumishi asiye na mshahara. Mtoto anaamka kabla ya jogoo na kulala baada ya sufuria ya mwisho kuoshwa, na daftari lake halina maandishi. Wapo pia waliochukua watoto wa marehemu kwa sababu ya shamba la marehemu. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto kinataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na kinataja pia kucheza na kupumzika. Ukimwona mtoto wa jirani ambaye hachezi kamwe, usiseme ni mchapakazi. Piga simu 116, namba ya kusaidia watoto, au nenda ofisi ya kata.

Na sisi walimu tuna letu. Katika shule moja niliyofanya kazi, msaada wa madaftari ulipokuja tuliingia madarasani na kusema, "Yatima wote wasimame." Nilisema hivyo mimi mwenyewe, zaidi ya mara moja. Kuna msichana mmoja hakusimama. Nilimwita, nikamkumbusha mbele ya wenzake kwamba yeye ni yatima. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi nina bibi." Alikuwa sahihi, nami nilikuwa nimekosea. Siku ile nilimtukana yeye, nikamtukana na bibi yake, huku nikiwa nimeshika msaada mkononi.

Mtoto hana deni

Sasa nazungumza na ninyi mliolelewa na mnaolelewa. Mmeambiwa mara nyingi, "Ushukuru umepata pa kukaa." Hata mkikosea jambo dogo, kama kuvunja kikombe, mnakumbushwa mlikotoka. Mtoto wa kuzaa akivunja kikombe amevunja kikombe. Ninyi mnaonekana mmevunja fadhila.

Nataka nitamke wazi mbele ya wazazi wote: mtoto hana deni. Hakuomba kufiwa wala kuachwa. Chakula anachokula ni haki yake mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Akikua akampenda mlezi wake, na wengi huwapenda mno, upendo huo utakuwa umeota wenyewe kama mgomba unavyochipua pembeni ya mama yake. Hauhitaji kuvutwa.

Tena ninyi watoto mnafanya kazi kubwa isiyoonekana. Mnajifunza desturi za nyumba mpya mkiwa bado na kilio. Mnajifunza kumwita mtu mwingine mama bila kumsahau wa kwanza. Mnakuwa ndugu kwa watoto ambao mmewapunguzia blanketi. Mimi nilikuwa yule aliyepunguziwa, nami nasema asante. Aliyelala mahali pangu alinifundisha kusikia pumzi ya mtu mwingine gizani na kujua kama amelala au analia.

Shukrani yenye mikono

Mkono mtupu haulambwi. Kama tunawashukuru walezi, tuwashukuru kwa vitu wanavyoweza kushika.

La kwanza ni karatasi. Tangu mwaka 2013 mkoa wa Mbeya umekuwa na mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti vya kuzaliwa bila malipo, katika ofisi za kata na vituo vya afya. Mlezi aliyepewa kichanga asiachwe azunguke peke yake na maswali ya "baba yake nani?" Anayejua njia amsindikize. Na aliye na mtoto ambaye ofisi ya ustawi haijamtambua, aende akatambuliwe, ili siku ya ugonjwa au ya ugomvi asije akaambiwa hana haki ya kusema.

La pili ni jina. Hapa kwetu jina linaloanza na Mwa- linaeleza mtu ni wa mlango gani. Mtoto akiwa na jina tofauti na la mlezi, tusimwulize mbele za watu. Tusimnyang'anye jina lake pia. Mwache ajue kaburi la mama yake liko wapi, na siku ya kulisafisha mwende naye.

La tatu ni jasho. Ada ya shule za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, lakini sare, madaftari na sabuni vinanunuliwa. Bibi mwenye wajukuu wanne hahitaji hotuba yangu kuliko anavyohitaji vijana watano wa kumlimia viazi siku moja. Bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa ilipoanza, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa kiasi kama hicho, nyumba sita zikitoa 5,000 kila moja zinafunika nyumba ya saba. Kule Zanzibar tangu mwaka 2016 mzee wa miaka 70 na zaidi hupata pensheni ya kila mwezi hata kama hakuwahi kuajiriwa. Nasi wa Bara tuendelee kuliuliza jambo hilo kwa heshima na bila kuchoka, kwa kuwa wazee wetu wanaifanyia serikali kazi ya malezi.

La nne ni faraja. Mtoto akirudi kwao, nendeni mkakae na mlezi jioni ile. Pikeni ndizi za mbalaga, mle naye.

Deni langu

Niliahidi kueleza deni. Mama alipofariki, mimi nikiwa ndiye mwalimu katika familia, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Nilikaa usiku mzima chini ya taa. Niliandika alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alilima nini. Nikaandika, "Ameacha watoto watatu na wajukuu kumi na mmoja." Kesho yake nilisimama kaburini nikausoma kwa sauti kubwa.

Yule niliyewasimulia habari zake alikuwa amesimama nyuma, pamoja na majirani. Alikuwa amechimba kaburi tangu alfajiri, udongo bado uko kwenye viatu vyake. Niliposoma "watatu" hakuinua uso. Kaka yangu, yule yule aliyetaka achapwe kwa sababu ya ndizi, ndiye aliyenikatiza. Alisema neno moja tu: "Wanne." Kisha akaenda nyuma, akamshika mkono, akamleta mbele akamsimamisha kati yetu.

Nilichukua kalamu pale pale, nikafuta na kuandika upya mbele ya waombolezaji wote. Ile karatasi ninayo mpaka leo. Kosa lilikuwa langu, nami nilikuwa nimelala ubavuni kwake miaka yote ile.

Kwa hiyo ninyi walezi wa Kawetele, nikisema nawashukuru, maana yake naahidi kuhesabu vizuri. Nitamhesabu mtoto wako shuleni bila kumsimamisha, na nitamhesabu mezani, kwenye picha ya familia na kwenye wasifu. Wewe nawe nitakuhesabu kuwa mzazi, bila kuongeza neno lolote mbele wala nyuma yake.